Pesa iko kwenye simu, noti ziko wapi? (uzi wa mwenye kabine, Goma)

MWENYE KABINE (Goma)

Salamu wana jukwaa. Mara nyingi wenzetu wa Dar na Nairobi wanatuuliza humu kwa nini Wakongomani bado tunatembea na mabunda ya noti wakati wao wananunua hata mchicha kwa simu. Na kila mara anatokea mtu wa kujibu kwamba watu wetu hawajaelimika, wanaogopa teknolojia.

Mimi nina kabine ya kutuma na kutoa pesa hapa Goma, karibu na soko la Virunga, mwaka wa saba sasa. Meza ya mbao, mwavuli, kiti cha plastiki, simu tatu nilizozivisha mipira ya rangi tofauti nisichanganye M-Pesa na Airtel Money na Orange Money, na daftari. Mama anayeuza sombe, yaani kisamvu, hapa mbele yangu hajui kusoma. Lakini anakariri hatua zote za kutuma pesa, moja, tatu, moja, mbili, kama anasali rozari. Simu haimtishi hata kidogo. Kinachomtisha ni kwamba siku atakayokuja na pesa yake ndani ya simu, mimi sitakuwa na noti za kumpa.

Nieleze kazi yenyewe kwa wasioijua. Nina mifuko miwili. Mmoja ni floti, pesa iliyo ndani ya simu. Mwingine ni keshi, makaratasi. Mtu akija kuweka, ananipa karatasi, floti yangu inapungua. Akija kutoa, floti inajaa, karatasi zinaondoka. Kabine inaishi pale wanaoweka na wanaotoa wanapokaribiana. Goma wanaotoa ni wengi mno kuliko wanaoweka: mtoto yuko Kinshasa anamtumia mama yake, shirika linatuma msaada, mwalimu anavuta mshahara. Saa sita mchana floti imejaa hadi juu, na sanduku langu lina noti tatu za franka zilizobandikwa skochi.

Zamani dawa ilikuwa rahisi, unapeleka floti benki au kwa wakala mkubwa, unarudi na noti. Mwisho wa Januari 2025 mji ulipobadilisha mikono kwa vita vya M23, benki zilifunga milango, na tawi la Benki Kuu pamoja nazo. Uwanja wa ndege nao ulisimama, na ndege ndizo zilizokuwa zikileta noti mpya. Aprili wakubwa wapya wa mji wakafungua CADECO, benki ya akiba ya serikali, lakini hilo ni neno refu na siasa sizitaki kwenye uzi wangu. Ninachosema ni hiki: noti tulizobaki nazo ni zile zile, zinazunguka, zinachoka, zinapasuka. Mpya inaingia ndani ya mkoba wa mfanyabiashara, kwa bahati.

Hapo ndipo bei ya karatasi inapozaliwa. Kampuni ya simu ina ada yake, imeandikwa ukutani. Bei ya karatasi haijaandikwa popote. Mtu anatoa dola 100 mkononi mwangu anaondoka na 96, siku mbaya 94. Ndiyo, na mimi nachukua. Msinitukane kwanza, niwape kisa.

Jumamosi moja alikuja mama wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, anatoka soko la Kituku, beseni bado linadondosha maji. Mwenye mgahawa alimlipa dola 20 kwa simu. "Papa, unitolee, mwenye pirogi, mtumbwi, ananingojea." Nilikuwa na noti moja ya 20, basi. Nikampa. Akaiinua kwenye jua, akaigeuza, akapitisha kidole gumba ukingoni polepole kama mtu anayetafuta mwiba. Akakuta mpasuko mdogo kama punje ya mchele.

"Hii haitembei."

"Mama, ndiyo niliyo nayo."

"Basi unipe franka."

Franka sina. Tukabaki tunaangaliana. Marekani yenyewe inatambua noti zake zote za tangu 1914, nzee na zilizochakaa. Hapa kwetu punje ya mchele inaua dola 20. Na dola moja moja ndiyo usiseme, hata mpya kabisa watu wanaitazama kama picha. Nikamwita kambisti, mbadilisha pesa wa barabarani, akaipokea ile noti kwa hesabu ya dola 17, akalipa kwa franka, mia tano mia tano, nyingine zinanuka mafuta ya pikipiki. Hasara tukagawana, mimi na mama. Dola 20 ilikuwa nzima ilipokuwa ndani ya simu, ilipasuka ilipotoka.

Kesho yake mwenye mgahawa alitaka kulipa tena kwa simu. Mama akamjibu: "Leta makaratasi." Haya, niambieni, huyo mtamwelimisha nini?

MTU WA KIGOMA

Mkuu umeeleza vizuri sana. Ila huku kwetu pia tusijisifu kupita kiasi. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, mimi na wenzangu hapa mwaloni tulirudi kwenye keshi ndani ya wiki moja. Dagaa wa mamilioni walilipwa kwa noti ndani ya mfuko wa rambo. Mwezi Septemba wakapunguza kwa asilimia 30, lakini wengine walishazoea hawakurudi. Elimu tulikuwa nayo yote.

Swali: huko mnatumia dola au faranga? Nachanganyikiwa.

MWENYE KABINE

Zote mbili, kaka. Hata ndani ya simu kuna akaunti mbili, ya dola na ya franka. Noti kubwa kuliko zote ya franka ni 20,000, ilitoka 2012, na haifiki dola 10. Ukinunua pikipiki kwa franka unahitaji gunia. Kwa hiyo kikubwa kinalipwa dola, kidogo kinalipwa franka, na cha katikati ni ugomvi. Kitu cha dola 7 na nusu unatoa noti ya 10, chenji inarudi kwa franka, kwa bei ya siku anayoijua muuzaji peke yake. Hapo simu ingetusaidia kweli, maana inakata 7 na nusu kamili. Ndiyo sababu nakasirika, kitu ni kizuri.

KAMBISTI

Nimeona tunatajwa. Yaya, kaka mkubwa, hiyo 17 umeisema kama vile mimi nimekula 3. Noti iliyopasuka nampelekea mkubwa wangu anayesafiri, naye ananikata. Anakopeleka nako wanamkata. Nikikaa nayo mwezi mzima ni mtaji uliolala. Na mimi ndiye ninayekaa barabarani na matofali ya franka juu ya meza, mvua yangu, jua langu, wezi wangu. Kama kuna anayetaka kununua noti mbovu kwa bei nzima, nafasi iko wazi hapa Birere, aje na kiti chake.

MWENYE KABINE

Sikukulaumu, ndugu. Nimesema tuligawana hasara. Wewe ulikuwa bei, sisi tulikuwa wateja.

MWALIMU

Niongeze upande wa mshahara. Kabla ya 2011 mshahara wa serikali ulikuja kwa mikono. Mlipaji anafika na gunia, majina yanaitwa, na kila kituo gunia linapungua kidogo. Kijijini mwalimu alitia saini kiasi fulani akapokea kingine. Walipoanza kulipa kwa benki, tulicheka kwa furaha. Nilipata karatasi ya benki yenye jina langu na kiasi kamili, hakuna aliyekigusa.

Sasa hesabu ya leo. Mshahara unaingia benki. Benki imefungwa, ila programu yake kwenye simu inafanya kazi, kwa hiyo nahamisha kutoka benki kwenda kwenye laini: ada ya kwanza. Kutoka kwenye laini naenda kabine: ada ya pili, pamoja na ile bei isiyoandikwa. Nikikataa, navuka kwenda Gisenyi, Rwanda, napanga mstari kwenye kituo cha mpakani cha Petite Barrière asubuhi nzima, naingiza kadi kwenye mashine, natoka na faranga za Rwanda, nazibadilisha kuwa dola, narudi Goma dola nazibadilisha kuwa franka ninunue makala, mkaa wa kupikia. Kila mlango una mtu mwenye mkono.

Zamani gunia lilipungua kabla ya kufika kwangu. Sasa linafika limejaa, linapungua likiwa mkononi. Wanafunzi wangu ningewapa hiyo kama swali la hesabu, lakini nao wamechoka.

MSOMAJI TU

Mwalimu umenichekesha halafu umenihuzunisha.

MZEE WA KATINDO

Wanangu, nimesoma kimya, sasa niruhusuni.

Mnazungumza kama vile karatasi haijawahi kutusaliti. Krismasi ya 1979 nilikuwa kijana. Tukasikia redioni kwamba noti za zaire 5 na zaire 10, pesa yetu ya wakati ule, zimefutwa, mipaka imefungwa, mtu ana siku chache za kubadilisha na kiasi kina kikomo. Baba alikuwa ameuza kahawa, pesa yote ilikuwa katika noti hizo, ndani ya debe. Kutoka kwetu hadi benki ilikuwa mwendo wa siku mbili. Alifika akakuta mstari umezunguka jengo, na wenye kujuana na watu wa ndani wanapitia nyuma. Alirudi na debe lake. Tulicheza na zile noti, sisi watoto wa nyumba, tulikuwa matajiri.

Mwaka 1993 ikawa ile ya milioni tano. Januari wanajeshi wa Kinshasa walilipwa kwa noti ya zaire milioni tano, wauzaji wakaikataa, nao wakaingia madukani na bunduki. Mwaka huo huo zikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na Kasai wakazikataa kabisa, wakaendelea na noti zao zilizochakaa. Nadhani hapo ndipo Mkongomani alipojifunza kwamba noti ni halali pale tu jirani anapoikubali, hata kama gavana ametia saini. Franka ilipokuja 1998 sisi tulikuwa tumeshahamia kwenye dola moyoni.

Sasa mnanipa pesa ambayo hata haina karatasi. Sikatai. Mei 22, 2021, mlima wa Nyiragongo uliposhuka usiku, jirani wa mdogo wangu kule Buhene alikimbia na watoto wanne, kopo la akiba likabaki chini ya kitanda. Lava ilipita juu. Mwenzake alikuwa na akiba kwenye simu, simu iko mfukoni, alifika Sake akanunua maji na mkate. Hayo nimeyaona. Kwa hiyo mimi nafanya hivi: kidogo kwenye simu kwa ajili ya mlima, kidogo kwenye kopo kwa ajili ya benki, na mbuzi wawili kwa ajili ya serikali.

MTU WA KIGOMA

Mzee hiyo sentensi ya mwisho naiba.

MWANA KATUBA (Lubumbashi)

Mimi niko Lubumbashi. Benki zimefunguliwa, mashine za kutoa pesa ziko mjini, noti zipo. Na bado kwenye masoko ya mitaa yetu ya Kenya na Katuba ukisema "nakulipa kwa simu" muuzaji anakutazama hivi. Kwa hiyo Yaya wa kabine, vita vimeongeza ukali, ila mzizi unakwenda chini zaidi.

Dada yangu anauza unga wa mahindi. Unga unatoka Zambia, unapita Kasumbalesa, dereva anataka keshi. Mpakuzi anataka keshi, msukuma mkokoteni anataka keshi kabla hajainua gunia. Mteja mmoja akimlipa kwa simu, yeye anakuwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo: pesa imeingia na haiwezi kusonga mbele. Lazima aitoe, na kuitoa ni ada. Ndiyo maana anasema "tuma na za kutolea". Mteja anaona ni ulafi. Si ulafi, ada lazima imwangukie mtu.

Halafu kuna jambo halisemwi mbele za watu. Kila asubuhi wanapita watu wa kodi ndogo ndogo, mmoja ana risiti, mwingine hana, mwingine ana risiti ya mwaka jana. Ukiwa na noti kwenye kitambaa kiunoni unaweza kusema sijauza bado. Simu ikilia mbele yao "umepokea dola 40", umekwisha. Dada alizima mlio wa meseji, na wateja wakaanza kumdanganya kwamba wametuma.

BINTI WA NDOSHO

Mmezungumza wanaume watupu, niseme la kwetu.

Tuna kikundi cha AVEC, cha kuweka akiba na kukopeshana, wanawake 25, tunakutana Jumapili baada ya misa. Tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu, wanawake watatu, mitaa mitatu. Sanduku linakaa kwa wa nne ambaye hana ufunguo. Hakuna anayeweza kufungua peke yake, hata mume wake akimpiga. Samahani, nasema ukweli.

Wezi walipozidi usiku mwaka 2025, tukasema tuhamie kwenye simu. Kijana wa shirika fulani alikuja kutufundisha, mpole, ana picha nzuri. Mama mmoja akauliza: "Funguo tatu ziko wapi humo ndani?" Kijana akaeleza kuna namba ya siri. Moja. Ya tarakimu nne. Nani anaishika? Mwenyekiti? Basi mwenyekiti ndiye sanduku. Tukajaribu ujanja wetu: mmoja anashika laini, mwingine anajua tarakimu mbili za mwanzo, mwingine mbili za mwisho. Wiki ya tatu laini ikafungwa maana wa mwisho alikosea kuandika. Kuifungua kampuni ilitaka kitambulisho cha mwenye laini, na aliyesajili laini alikuwa amekimbilia Bukavu kwa dada yake.

Pesa tuliipata, baada ya wiki tano. Tulirudi kwenye sanduku siku hiyo hiyo. Kijana wa shirika akaandika kwenye ripoti yake kwamba kikundi kinahitaji mafunzo zaidi. Mimi nilisoma ripoti, alinituma nikampigie kopi.

MSOMAJI TU

Aliyetengeneza hiyo huduma hakuwahi kuona sanduku la AVEC maishani mwake.

MWENYE KABINE

Binti, hilo la funguo tatu limeniua. Kabine hii ninaishika mwaka wa saba na sikuwahi kuliwaza. Wazee wangapi wananiambia namba zao za siri kwa sauti mbele ya watu, "andika wewe mwanangu", kwa sababu menyu kwenye simu zao ni ya Kifaransa na macho yamechoka! Ufunguo mmoja, na ufunguo wenyewe niko nao mimi.

Mwana Katuba, nakubali kuhusu mnyororo. Ila tazama Gisenyi, hatua chache tu kutoka hapa. Machi 2020, wakati wa korona, Rwanda ilifuta ada za pesa ya simu kwa miezi mitatu. Wamotari, waendesha pikipiki za abiria wa kule, walianza kulipwa kwa simu, nauli ndogo kabisa, na ada ziliporudi wengi walikuwa wameshazoea. Wafanyabiashara wengi wa Goma wana laini ya Rwanda mfukoni kwa sababu hiyo. Watu ni wale wale, wengine ni ndugu wa damu, mpaka umepita katikati ya boma. Upande mmoja wanalipa kwa simu, upande huu wanainua noti juani.

Na mimi nisilalamike tu, niwaambie ninachofanya tangu mwezi uliopita. Niligundua noti zipo mjini, zinalala. Muuza nyama, wale makadafi wanaouza mafuta ya gari kando ya barabara, wamotari, jioni wana keshi na wanaogopa kulala nayo. Kwangu hawakuwa wanaweka kwa sababu walijua kesho hawatatoa. Nikaongea na muuza nyama mmoja na makadafi wawili: wekeni kwangu saa kumi na moja jioni, bure upande wangu, na asubuhi kabla ya saa tatu mkihitaji nawatolea ninyi kwanza, kwa kiasi kilichoandikwa ukutani, bila bei ya karatasi. Nimeandika majina yao ukurasa wa mbele wa daftari. Wiki ya kwanza walikuja na pesa kidogo, kunipima. Mmoja alikuja asubuhi akatoa yote, akazihesabu, akazirudisha papo hapo akacheka. Sasa wako tisa. Ile bei ya karatasi nimeishusha, dola 100 mtu anaondoka na 98. Siwezi kushuka zaidi, nina watoto.

KAMBISTI

Kumbe ndiyo maana wiki hii makadafi siwaoni.

MWENYE KABINE

Ndiyo maana.

MWALIMU

Yaya, na walimu umetuweka ukurasa gani wa daftari?

MWENYE KABINE

Ninyi mnatoa tu, mwalimu, hamuweki. Lakini njoo Jumatatu, muuza nyama akiwa ameuza vizuri Jumapili sanduku linakuwa zuri. Unataka kiasi gani?

MWALIMU

Dola 80. Na tafadhali, si noti ya yule mama wa sambaza.

MWENYE KABINE

Hiyo iliondoka na kambisti. Njoo mapema kabla ya saa mbili, mama mwenyewe anapita saa mbili na nusu, na siku hizi anazichagua noti zote sandukuni kama anachagua maharage.

BINTI WA NDOSHO

Na mimi nakuja, nina swali moja: daftari lako lina kufuli?